Shajara ya rundo la mboji lililojaa maji

Naandika shajara hii kwa ajili ya yeyote ambaye rundo lake la mboji uani limegeuka tope linalonuka, na kila anayemuuliza anamjibu, "Ongeza majani makavu." Nami niliongeza. Niliongeza karibu wiki tatu na rundo likazidi kuvunda. Kila hatua naiandika ikishakamilika, pamoja na zile zilizoshindikana, na hizo ndizo nitakazozieleza kwa urefu. Gharama nazihesabu kwa saa za kazi na vifaa.

Nilivyo navyo: uma wa shamba, beleshi, toroli, ndoo ya lita 20, mizani, na kipimajoto chenye mkono wa chuma wa sentimita 50.

Machi 9: Hali niliyoikuta

Rundo lina miezi minne. Liko kwenye kona ya ua, nyuma ya banda la vifaa. Nilipolianza nilichimba kwanza shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa mita 1.2 kila upande, nikaanza kujaza humo mabaki ya jikoni, nyasi zilizofyekwa na majani. Sasa limesimama sentimita 60 juu ya ardhi, kwa hiyo kimo chote ni sentimita 90. Nilichimba nikiamini shimo litatunza unyevu wakati wa jua kali.

Leo nilikwenda kuligeuza. Uma uliingia kama kisu kwenye siagi, lakini kuutoa ilibidi niegemee kwa uzito wangu wote, na ulipochomoka ulitoa ule mlio wa mguu unaotoka kwenye tope. Kilichotoka nao kilikuwa cheusi na chenye utelezi, majani yameshikana kama kurasa za kitabu kilichotumbukia majini. Maganda niliyoyafukia mwezi uliopita yalikuwa bado mazima, yamebadilika rangi tu. Harufu zilikuwa mbili: ya kwanza yai bovu, na nyuma yake ukali wa siki. Sikuona nyungunyungu hata mmoja ndani. Nilipoinua ubao ulioegemea pembeni niliwakuta wamejazana nyuma yake, wamepanda juu kadiri walivyoweza, wanakimbia maji.

Kipimajoto kinasoma nyuzi 27 katikati ya rundo. Hewa ya nje ni 24. Rundo la ukubwa huu likiwa linafanya kazi sawasawa hufika 55 na kuendelea.

Sababu ya harufu ni kwamba vijidudu vinavyoozesha mboji vizuri vinahitaji oksijeni, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Matundu madogo kati ya majani yakijaa maji, vijidudu hivyo hufa au hulala, na vile visivyohitaji hewa vinashika zamu. Hivi vya pili huozesha kwa kujivuta, havitoi joto la maana, na huacha gesi ya salfa, ambayo ndiyo yai bovu, pamoja na asidi, ambazo ndizo siki.

Machi 10: Kupima kabla ya kugusa

Kipimo cha ngumi kinajulikana: chota, kamua kwa nguvu. Mboji yenye unyevu mzuri hutoa tone moja au mawili. Yangu ilinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nilitaka namba pia. Nilichukua kilo 1 kutoka juu, kilo 1 kutoka katikati na kilo 1 kutoka chini kabisa, nikaanika kila moja kwenye sinia yake, tandiko jembamba, hadi uzito ulipoacha kushuka. Ilichukua siku mbili. Ya juu ilibaki gramu 380, ya katikati gramu 250, ya chini gramu 160. Maana yake maji yalikuwa asilimia 62 juu, 75 katikati na 84 chini. Wastani ni karibu 74. Mboji inataka 50 hadi 60.

Naomba msomaji azitazame hizo namba tatu vizuri. Jibu lote lilikuwa humo na mimi sikuliona kwa wiki tatu.

Kipimo kingine, cha haraka zaidi: ndoo ya lita 20 iliyojazwa mboji yangu ilikuwa na kilo 17. Mboji yenye hewa ya kutosha haipaswi kuzidi kilo 12 kwa ndoo hiyo hiyo. Nikikadiria kwa ndoo hizo, rundo zima lina kilo 1,100 hivi, na kati ya hizo zaidi ya 800 ni maji.

Machi 11 hadi 18: Turubai

Jaribio la kwanza. Niliona mvua inanyesha juu ya rundo, basi nikalifunika kwa turubai la plastiki, nikalibana kwa mawe pande zote nne. Saa 1 ya kazi.

Siku ya tatu nilifunua. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone makubwa yaliyopangana, na nilipoligusa yalidondoka yote kwa pamoja juu ya rundo. Mvuke uliotaka kutoka ulikosa njia ukarudi ulikotoka. Hewa nayo haikuingia. Siku ya saba harufu ilivuka ukuta. Mama jirani alinisimamisha langoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo nyuma pana kitu kimekufa?" Nilimwomba radhi na kumwahidi nitalishughulikia. Usiku ule nikaliondoa turubai.

Turubai si kosa lenyewe. Kosa ni kulilaza juu ya rundo na kulifunga. Kifuniko kinatakiwa kiwe juu, kiwe na mteremko, na kiache nafasi ya hewa kupita pande zote.

Machi 19 hadi 26: Vumbi la mbao

Jaribio la pili, na hili ndilo lililonichosha kuliko yote. Nilipata magunia 6 ya vumbi laini la msumeno, makavu kabisa. Niliyachanganya yote kwenye rundo, nikigeuza kuanzia juu mpaka pale uma ulipofika. Saa 5, na mgongo uliouma siku mbili.

Siku mbili za kwanza nilidhani nimefaulu. Juu palikuwa pakavu, harufu ilipungua. Siku ya nne nilichimba. Vumbi lilikuwa limekunywa maji likawa kama ugali uliopoa, limejipachika kwenye kila tundu lililokuwa limebaki. Ndoo ya lita 20 ilipima kilo 18. Rundo lilikuwa zito kuliko mwanzo.

Makosa mawili yamo hapa. La kwanza ni la umbo: chenye kufyonza maji na chenye kushika nafasi ya hewa ni vitu viwili tofauti. Vumbi hufyonza, lakini chembe zake ni ndogo mno, hujishindilia. Kinachoshika nafasi ni kitu kigumu chenye ukubwa wa kidole: vijiti vilivyokatwakatwa, vipande vya magome, mabua. La pili ni la lishe. Vijidudu hupenda kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Majani makavu yana kaboni mara 30 hadi 80 hivi ya naitrojeni yake, lakini vumbi la mbao huwa na mara 200 hadi 500. Ukimwaga magunia 6 kwa mkupuo, naitrojeni iliyopo inamezwa yote na rundo linapoa. Langu lilishuka hadi 25.

Katika wiki hiyo hiyo nilitoboa mashimo kumi kwa nondo, kutoka juu hadi chini, ili hewa iingie. Asubuhi yake nilimulika kwa tochi. Kila shimo lilikuwa na maji yanayong'aa, yote yamesimama kwenye kimo kimoja, kama visima vidogo. Hiyo nayo ilikuwa dalili. Niliiandika kwenye daftari bila kuielewa.

Machi 28: Majivu, na miche mitatu iliyokufa

Kwa sababu ya ile siki nilijiambia rundo lina asidi, basi nimwagie majivu. Nusu ndoo. Ndani ya saa moja harufu mpya ilinichoma macho: amonia. Majivu yana ukali wa magadi, na naitrojeni ikikutana na ukali huo hugeuka gesi ikapaa. Nilikuwa narusha angani chakula cha mimea nilichokusanya kwa miezi minne. Asidi ya rundo lililokosa hewa haihitaji majivu wala chokaa. Hewa ikirudi, vijidudu vyenyewe huila.

Siku hiyo hiyo nilikinga majimaji meusi yaliyokuwa yakichuruzika upande wa chini, nikamwagilia miche minne nikidhani ni mbolea ya maji. Mitatu ilinyauka ndani ya siku mbili. Majimaji yanayotoka kwenye rundo lililovunda yana asidi, hayana oksijeni, na huenda yamebeba vijidudu vya maradhi. Tangu hapo nayamwaga juu ya majani makavu yanayosubiri kuingia kwenye rundo, hayaendi kokote kwingine.

Aprili 2: Nilisimama kwenye mvua

Mvua kubwa ilianza alasiri. Badala ya kukimbilia ndani nilivaa koti nikaenda kusimama mbele ya rundo. Nilikaa pale dakika arobaini hivi. Laiti ningefanya hivyo Machi 9.

Dakika kumi za mwanzo rundo lililowa juu tu, jambo la kawaida. Kisha paa la banda likaanza kumwaga. Paa lile halina mfereji, na mteremko wake wote umeelekea nyuma. Maji yalianguka kwenye mstari mmoja ulionyooka, mita moja na nusu kutoka kwenye rundo, yakachimba vijishimo kwenye udongo, yakajaza, yakapata njia. Njia hiyo ilikuwa unene wa kidole, baadaye mkono. Ilizunguka jiwe, ikapita chini ya ubao wa pembeni, ikaingia moja kwa moja kwenye shimo la rundo. Maji hufuata mkondo, na mkondo huo niliuchimba mimi.

Nilikuwa nimeweka kopo lenye kuta zilizonyooka pale wazi. Mvua ilipokatika lilikuwa na milimita 30. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Juu ya rundo pana mita za mraba 1.44, kwa hiyo mbingu ilimwaga lita 43. Paa la banda ni mita 4 kwa 3, mita za mraba 12, kwa hiyo lilimwaga lita 360. Hata kama nusu tu iliingia shimoni, ni mara nne ya ile iliyoanguka kutoka juu. Nami nilihangaika na turubai.

Sasa zile namba za Machi 10 zinaeleweka: 62 juu, 75 kati, 84 chini. Rundo lilikuwa likinywa kutoka miguuni. Na yale maji ya kimo kimoja kwenye mashimo ya nondo ndiyo yaliyokuwa yamesimama ndani ya shimo langu.

Aprili 3: Shimo la majaribio

Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kuhamisha kilo elfu moja na ushei. Hatua tatu kutoka kwenye rundo nilichimba shimo jingine la sentimita 30, nikalijaza maji hadi juu jioni. Asubuhi yalibaki sentimita 22. Udongo wangu ni wa mfinyanzi, haunywi. Shimo kwenye udongo kama huu ni bakuli.

Shimo si kosa kila mahali. Mwingereza Albert Howard, aliyeendeleza njia ya kutengeneza mboji iitwayo ya Indore huko India kati ya 1924 na 1931, alitumia mashimo mafupi kipindi cha ukavu, lakini msimu wa mvua kazi ilihamia kwenye marundo juu ya ardhi. Mimi nilichukua nusu ya kwanza ya fundisho nikaiacha ya pili.

Aprili 5 hadi 8: Kubomoa na kuanika

Kabla ya kubomoa nilipiga hesabu ya majani makavu. Nina kilo 1,100 zenye maji asilimia 74. Nikitaka kushuka hadi 60 kwa kuchanganya tu na majani makavu (ambayo nayo yana maji kama asilimia 15), nahitaji kilo 342 za majani. Gunia langu likishindiliwa linabeba kilo 8. Hayo ni magunia 43. Sina, na sijui wa kunipa.

Lakini nikilianika rundo kwanza likashuka hadi asilimia 66, kilo 1,100 zinabaki kama 840, na majani yanayohitajika yanakuwa kilo 112 tu, magunia 14. Siku chache za upepo zinaniokolea magunia 29. Hesabu hii ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata, na kama utachukua jambo moja tu kutoka kwenye shajara hii, chukua hili: maji yatoe kwanza kwa mteremko na upepo, ndipo majani yamalizie.

Nilitandika mabati ya zamani na vipande vya mbao sehemu yenye mteremko mdogo, mita za mraba 12, nikatawanya rundo zima kwa unene wa sentimita 10. Kubomoa na kubeba kwa toroli kulichukua saa 7 katika siku mbili. Sentimita 30 za chini zilikuwa uji wa kijivu, nikazichota kwa ndoo. Harufu siku ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Nilimwarifu mama jirani mapema, naye alifunga madirisha ya upande ule. Jioni ya siku ya pili ilishakuwa harufu ya udongo uliolowa. Hewa tu ilifanya hivyo, bila kuongeza chochote.

Nilichambua kwa reki mara mbili kwa siku, nikapasua mabonge kwa mkono. Vaa glavu, na yakianza kukauka na kutoa vumbi jeupe vaa barakoa, kwa kuwa hilo vumbi ni mbegu za ukungu na si jema kwa mapafu. Usiku, na kila wingu lilipokusanyika, nilifunika kwa turubai lililoinuliwa juu ya vijiti. Turubai lile lile, safari hii mahali pake.

Sampuli ya siku ya tatu: kilo 1 ilibaki gramu 340. Asilimia 66.

Aprili 9: Kujenga upya, juu ya jukwaa

Mahali papya ni mita 4 kutoka pa zamani, upande ulioinuka. Kazi ilikwenda hivi.

Chini nilipanga matofali 6, juu yake paleti mbili za mbao, ili hewa ipite chini na maji yoyote yanayochuruzika yaondoke. Juu ya paleti nikaweka sentimita 20 za matawi makavu yaliyovunjwavunjwa. Upande wa juu wa mteremko nikachimba mfereji wa kina cha sentimita 15 unaozunguka na kumwaga maji mbali. Halafu nikafunga mfereji wa paa kwenye banda, uliotengenezwa kwa bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, unaoishia kwenye pipa. Huu mfereji wa paa ulinichukua saa 2. Ungefungwa miezi minne nyuma, shajara hii isingekuwepo.

Majani makavu niliyopata yalikuwa magunia 11, yaani kilo 88. Nikaongezea kilo 20 za maboksi yaliyochanwa vipande vya kiganja, bila gundi ya plastiki wala picha za kung'aa. Kwa ajili ya hewa nilichanganya matoroli mawili ya vijiti vya urefu wa kidole. Sikupanga tabaka kwa tabaka. Nilichanganya kila toroli chini kwanza, maana tabaka nene la majani mapana hushikana yakawa kama mkeka na maji hayapiti wala hewa haipiti.

Rundo jipya: mita 1.5 kwa 1.2, kimo mita 1. Ndoo ya lita 20 ina kilo 10 na nusu. Kipimo cha ngumi: tone moja. Sampuli: asilimia 59.

Paa: mabati mawili yaliyoegemezwa kwenye nguzo nne, mteremko umeelekea kwenye mfereji, kimo cha sentimita 40 juu ya rundo, na kingo zimetokeza sentimita 30 kila upande. Siku nzima, saa 8. Vilivyonunuliwa: misumari na waya.

Aprili 10 hadi 17: Joto

Tarehe 10 asubuhi: 31. Tarehe 11: 46. Tarehe 12: 57, na nilipoinua majani ya juu mvuke ulinipanda usoni, wenye harufu ya msitu. Tarehe 13: 61. Ilikaa hapo siku mbili, ikashuka polepole hadi 48 tarehe 17, nikaligeuza, nje ikaingia ndani. Siku mbili baadaye ilikuwa 58.

Nilitaka joto lidumu kwa sababu ya magugu na ya ule uozo wa zamani. Kanuni za Marekani kwa wanaotengeneza mboji kwa marundo ya kugeuzwa zinataka nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kugeuza mara 5 ndani ya muda huo. Rundo la uani si kiwanda, ila nimejiwekea kipimo hicho. Likipita 65 nitaligeuza mapema, maana hapo vijidudu vyenyewe huanza kufa.

Aprili 30: Limekauka

Nimegeuza mara nne. Leo joto limeanguka ghafla hadi 36, na sikuona sababu mpaka nilipokamua: halikutoa tone, lilimong'onyoka mkononi. Sampuli: asilimia 38. Nilikuwa nimeogopa maji kiasi cha kulinyima. Paa linazuia mvua, upepo unapita chini ya paleti, na joto lenyewe linakausha.

Niligeuza mara ya tano huku nikinyunyizia kwa ndoo yenye matundu, ndoo 9, lita 180, nikikamua kila baada ya ndoo mbili. Maji yametoka kwenye pipa la paa la banda. Kesho yake joto lilisoma 52.

Juni 4

Hakuna la kueleza sana. Joto ni 29, halipandi tena hata nikigeuza. Limepungua likawa chini ya nusu. Nyungunyungu wamerudi wenyewe. Naliacha litulie.

Julai 12: Kuchekecha na hesabu

Nimechekecha kwa wavu wa matundu ya sentimita 1. Nimepata ndoo 22 za mboji laini, na ndoo 6 za vijiti na vipande vigumu ambavyo vinaingia kwenye rundo lijalo kushika hewa tena. Lile vumbi la mbao bado linaonekana, punje za kahawia kwenye weusi. Nitaiacha mboji yenye punje nyingi itandazwe juu ya udongo, isichimbiwe ndani.

Saa za majaribio yaliyoshindikana, turubai, vumbi, nondo, majivu: 9. Saa za kazi iliyofaulu, kuanzia kubomoa hadi mgeuzo wa tano: 26. Miche iliyokufa: 3.

Nimejaza kiasi kidogo kwenye mfuko, nikaufunga na kuuacha siku tatu. Ulipofunguliwa ulinukia udongo. Kama ungenuka siki au yai, ningerudisha yote kwenye rundo. Nimepanda pia mbegu 20 zinazoota haraka kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na nyingine 20 kwenye udongo mtupu. Zimeota 18 na 17.

Agosti 3

Rundo jipya liko kwenye jukwaa lile lile, lina wiki mbili. Jana usiku mvua kubwa ya kwanza tangu Aprili ilinyesha, kopo lilisoma milimita 34. Nilitoka na tochi. Mfereji wa ardhini ulikuwa unakwenda kwa kasi, pipa la banda limefurika upande wa pili ambako nilitaka lifurikie. Chini ya paleti nilikuwa nimeweka sinia tangu mchana ili nione kinachochuruzika. Asubuhi lilikuwa na vijiko viwili vya maji. Kipimajoto: 59.

Shimo la zamani limejaa maji hadi leo. Wiki hii nalifukia.